Theluji ya kuuza kwa kikombe: Mashine iliyolisha familia tangu 1939

Biashara ya barafu ina adui asiyelala, nalo ni joto. Joto hilo hilo linalomleta mteja mwenye kiu ndilo linaloyeyusha bidhaa kabla haijalipiwa. Anayeiweza biashara hii ni yule anayejua kuifikisha barafu mdomoni mwa mteja ikiwa bado barafu, ikiwa safi, na kwa bei inayomwachia muuzaji chochote mfukoni.

Mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, ipo familia iliyoanza kuuza bidhaa hiyo mwaka 1939: barafu iliyokunwa ikawa laini kama theluji, ikatiwa kikombeni na kumwagiwa shira yenye ladha mbalimbali. Duka lao linaitwa Hansen's Sno-Bliz. Msingi wake si mtaji mkubwa wala mkopo wa benki, bali mashine ya mota iliyoundwa na fundi aliyechoka kuona barafu ikishikwa kwa mikono michafu.

Kutoka randa hadi mota

Kabla ya mota, wauzaji wa New Orleans walikokota mikokoteni yenye pande la barafu na kulikwangua kwa kifaa cha mkono kilichofanana na randa ya seremala. Kazi ilikuwa ya kuchosha, theluji ilitoka nene, na mara nyingi muuzaji aliikusanya kwa kiganja kabla ya kuitia kikombeni.

Ernest Hansen, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa mitambo, hakuipenda hali hiyo. Mwaka 1934 aliunda mashine ya umeme ambamo barafu iliingia ikiwa pande na kutoka ikiwa theluji, bila kuguswa na mkono.

Namna inavyofanya kazi si fumbo kwa mtu aliyewahi kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Tofauti ni kwamba kwenye mbuzi meno yametulia na nazi ndiyo inayozungushwa, ilhali katika mashine nyingi za aina hii visu ndivyo vinavyozungushwa na mota, na barafu husukumwa taratibu kuelekea kwenye visu hivyo. Kila kisu huondoa utando mwembamba, na utando huo hudondoka kwenye mdomo wa mashine ambako kikombe kinasubiri.

Wazo la kukuna barafu lenyewe ni la zamani. Huko Japani, maandishi ya miaka ipatayo 1,000 iliyopita yanataja barafu iliyokwanguliwa na kutiwa utomvu mtamu wa mmea, kinywaji cha watu wa ikulu. Mwaka 1887 Mjapani Murakami Hanzaburo alipata hataza ya mashine ya kukuna barafu, na Wajapani waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii walikwenda na utamaduni huo.

Ni muhimu pia kutofautisha mashine ya kukuna na ile ya kuponda. Samuel Bert wa Dallas, Texas, aliyekuwa akiuza barafu kwenye maonyesho ya jimbo hilo mwaka 1919, anakumbukwa kwa mashine yake ya kuponda ya mwaka 1920. Barafu iliyopondwa huwa na vipande kama changarawe. Shira hupita katikati yake na kutuama chini, mteja akabaki anatafuna barafu isiyo na ladha. Iliyokunwa hunyonya shira na kuishika hadi kijiko cha mwisho.

Senti mbili badala ya moja

Mwaka 1939 Mary, mke wa Ernest, alianza kuuza theluji hiyo. Wakati huo wauzaji wengine walitoza senti 1 ya dola kwa kikombe. Mary alitoza senti 2.

Kwa hesabu ya haraka huo ni wazimu. Dunia ilikuwa bado inajikwamua kutoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na senti 1 ilikuwa na thamani yake. Hata hivyo, wateja walikuja, kwa sababu kilichokuwa kikiuzwa si kile kile. Theluji ya Hansen ilikuwa laini, haikuguswa na mkono, na shira yake Mary aliitengeneza mwenyewe.

Hapa kuna somo kwa mfanyabiashara mdogo ambaye silaha yake ya kwanza dhidi ya mshindani huwa ni kushusha bei. Anayeshusha bei hujibiwa kwa kushushiwa bei, mpaka wote wawili wakafanya kazi ya bure. Anayebadili bidhaa kiasi kwamba mteja aione tofauti kwa macho na kuionja kwa ulimi, huyo anaweza kuitetea bei yake.

Kuuza theluji au kuuza mashine?

Ernest Hansen alipata hataza ya mashine yake mwaka 1950. Hata hivyo, hakugeuka kuwa mwenye kiwanda. Familia iliendelea kutegemea duka.

Mwenzake wa mji huo huo, George Ortolano, alifuata njia nyingine. Naye alikuwa mwenye duka la vyakula, akaunda mashine yake ya kukuna barafu mwaka 1936. Wengine walipoiona waliitaka, na Ortolano akaingia katika kazi ya kuunda mashine za kuwauzia wafanyabiashara wenzake. Jina la SnoWizard lililotokana na kazi hiyo linajulikana hadi leo katika biashara ya theluji nchini Marekani.

Njia zote mbili zililisha familia. Hansen alilinda ubora wa kikombe kimoja kimoja, na wateja wakamfuata alipo. Ortolano aliuza chombo, na kila aliyefungua kibanda kipya akawa mteja wake badala ya kuwa mshindani. Fundi wa karakana mwenye uwezo wa kuunda mashine kama hii anapaswa kujiuliza swali hilo mapema, kwani mtaji, muda na ujuzi vinavyohitajika katika njia moja si vile vya njia ya pili.

Kimbunga na mjukuu

Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans. Kingo za kuzuia maji zilipasuka na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Maelfu ya wakazi walihamishwa.

Mary Hansen alifariki dunia Septemba mwaka huo, siku chache baada ya kimbunga. Ernest alimfuata mwaka 2006. Wote walikuwa wamepita umri wa miaka 90. Kwa biashara nyingi za familia huo ungekuwa mwisho: waanzilishi wamekwenda, wateja wametawanyika, mji wenyewe haujulikani kama utasimama tena.

Duka halikufa. Mjukuu wao, Ashley Hansen, alikuwa tayari amefanya kazi pamoja na wazee hao na kujifunza shira na mashine kutoka kwao. Alilifungua tena na kuliendeleza. Mwaka 2014 duka lilipewa tuzo ya taasisi ya James Beard inayotolewa kwa migahawa na maduka ya vyakula yenye kuheshimika katika maeneo yao.

Mashine ilibaki, lakini mashine peke yake isingetosha. Kilichookoa biashara ni kwamba ujuzi ulikuwa umerithishwa wakati wenyewe wako hai. Wafanyabiashara wangapi wana siri ya mchanganyiko, ya kisu au ya mteja mkubwa, ambayo iko kichwani mwao tu?

Umeme unaliwa wapi

Anayefikiria biashara hii huogopa kwanza mota. Hesabu inaonyesha kwamba hofu hiyo imeelekezwa pasipo.

Ili kupata kilo 1 ya barafu kutoka kwenye maji yenye nyuzi 28 za Selsiasi hadi barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ni lazima kuondoa joto la karibu kilojuli 470. Sehemu kubwa, kilojuli 334, inahusu kugandisha tu. Mota ya nusu nguvu ya farasi, yaani takriban wati 373, ikikuna kilo hiyo kwa dakika moja, inafanya kazi ya kilojuli 22 hivi. Hata kama friza ni nzuri na mota ni kongwe, tofauti inabaki kubwa sana.

Maana yake ni kwamba umeme unaliwa na friza. Barafu inayoyeyuka kabla ya kuuzwa ni umeme uliomwagwa chini. Kila kilo 10 zinazogandishwa, ikiyeyuka 1, muuzaji amepoteza moja ya kumi ya gharama hiyo bila kumuona mwizi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza baada ya mashine iende kwenye kasha zuri la kuhifadhi baridi, lenye kuta nene na mfuniko unaobana. Frederic Tudor wa Boston, aliyepeleka barafu Martinique mwaka 1806 na Calcutta mwaka 1833 kwa meli za tanga, hakuwa na friza. Siri mojawapo ya biashara yake ilikuwa kuizungushia barafu unga wa mbao ili joto lisiifikie.

Barafu, kisu na shira

Barafu: Pande likitoka moja kwa moja kwenye friza huwa gumu na kavu, nalo hupasuka vipande chini ya kisu. Liachwe nje kidogo, likiwa limefunikwa, hadi uso wake uanze kung'aa kwa unyevu. Hapo hukunika laini. Barafu iliyogandishwa polepole hutoka angavu na ngumu zaidi kuliko ile yenye mapovu mengi ya hewa.

Kisu: Kisu butu hakikuni, hukwaruza. Theluji ikianza kutoka ya majimaji au ya vipande, kabla ya kulaumu mota, visu vikaguliwe. Visu na sehemu zote zinazogusa barafu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa kuwa maji na umeme vinakaa karibu hapa, mashine iunganishwe na waya wa ardhi, na ichomolewe kabla ya mkono kuingia ndani kwa usafi.

Shira: Kilo 1 ya sukari ikiyeyushwa katika lita 1 ya maji hutoa lita 1.6 hivi za shira. Ikiwa kila kikombe kinapewa mililita 40, hiyo ni shira ya vikombe 40. Shira iwe nzito na ipoe kabisa kabla ya kutumika. Ikiwa ya moto inatoboa theluji, na ikiwa nyepesi inaifanya iwe maji.

Kwa vipimo hivi, mwenye kibanda anaweza kupima kilo moja ya barafu, akahesabu vikombe vinavyotoka, akajumlisha sukari, matunda, kikombe, kijiko na umeme. Anayepanga bei bila kufanya jaribio hilo anabahatisha.

Mkulima anaingiaje

Watoto wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kununua barafu za ukwaju na za ubuyu, hivyo ladha hizo hazihitaji kutangazwa upya. Embe, pasheni, nanasi, ndimu na ukwaju vyote hutoa shira nzuri.

Kwa mkulima faida iko kwenye tunda ambalo soko la mezani linalikataa: embe lenye doa la ngozi, pasheni iliyosinyaa, nanasi dogo. Mtengeneza shira hatazami sura, anatazama ladha na usafi. Tunda lililooza, hata upande mmoja, halifai. Aidha, shira hukaa muda mrefu kuliko tunda bichi, jambo linalosaidia msimu wa embe unapojaza soko na bei kuanguka.

Usafi ndio leseni ya kwanza

Wapo wanaoamini kwamba baridi huua vijidudu. Si kweli. Kugandisha huvilaza vingi bila kuviua, na mtu akila barafu hiyo vinaamka tumboni. Kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kupita kwenye barafu kama vinavyopita kwenye maji.

Maji ya barafu yachemshwe au yatibiwe, yapozwe yakiwa yamefunikwa, ndipo yagandishwe. Barafu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki isiingie kwenye mashine hii hata kama ni ya bei ya chini. Kila jioni visu na mdomo wa mashine vioshwe, kwani mabaki ya shira huvuta nzi na nyuki. Kabla ya kuanza, ofisa afya wa eneo aonwe na vibali vikatwe.

Ernest Hansen alianza na usafi, na bei ikafuata. Anayetaka kuigeuza barafu kuwa fedha hana budi kufuata mpangilio huo huo, kwa sababu mteja mmoja aliyeugua huwafukuza wengi ambao hawajawahi hata kufika kibandani.