Upepo na Mkondo katika Bahari ya Ushongo

Mtu asimamaye pwani ya Ushongo, kusini ya Pangani, huona tanga likijaa upepo, akadhani chombo huendeshwa na upepo tu. Sivyo. Chombo kina mabwana wawili: upepo ulio juu ya maji, na mkondo uyachukuao maji yenyewe. Wa kwanza twamsikia usoni. Wa pili hufanya kazi yake kwa siri.

Tutazame upepo kwanza. Tangu Desemba hata Machi huvuma Kaskazi. Tangu Aprili hata Oktoba huvuma Kusi. Chombo hakiwezi kuuendea upepo moja kwa moja. Yapasa kibishe, yaani kiende upande huu, kisha upande wa pili, na kila mara kipate mbele kidogo. Ndiyo maana wazee walinena: Dau la mnyonge haliendi joshi.

Mkondo hali yake ni nyingine. Katika pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa Kusi huzidi nguvu. Wakati wa Kaskazi hupungua, kwa kuwa upepo huupinga, na mawimbi huinuka.

Sasa tufanye hesabu. Toka Ushongo hata Nungwi, Unguja, ni yapata maili 20 za bahari, upande wa mashariki na kusini kidogo. Chombo kiendacho maili 4 kwa saa kitasafiri saa 5. Tuseme mkondo waenda maili 2 kwa saa: asiyeuhesabu atachukuliwa maili 10 kaskazini ya njia yake. Tena kaskazini-mashariki ya Ushongo pana Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Siku hizi ni fungu la mchanga lifunikwalo maji yajaapo, na miamba yake ingalipo.

Basi nahodha huelekeza omo kusini ya mahali aendapo. Tena hutazama nyuma miti miwili ya pwani iliyopangana. Mti wa karibu ukionekana kusogea kusini ya ule wa mbali, ajua kwamba amechukuliwa kaskazini, naye hurekebisha usukani mapema.

Mwanafunzi aweza kuyaona haya katika mto Pangani: mvukaji mwenye akili huelekeza mtumbwi wake juu ya mto, naye hufika ng'ambo mahali alipopakusudia.