Kabla ya Kamati: Mjomba, Ghala na Siku 21

Kijana wa Nambambo, Nachingwea, akitangaza kwamba anaoa, marafiki watamuuliza ukumbi upi, MC nani na sare za rangi gani. Hayo yote yanaweza kusubiri. Kwa familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa, jambo la kuanza nalo ni siku ambayo hela ya mazao itakuwa mkononi. Wachumba wengi wanajua vizuri watavuna magunia mangapi. Wanakokwama ni kwenye tarehe, na tarehe ikishakosewa, kamati hata iwe nzuri kiasi gani haiwezi kuiokoa harusi hiyo na madeni.

Korosho za huku haziuzwi kama nyanya gengeni. Mkulima anaokota, anaanika, anachambua, kisha anapeleka kwenye AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika. Zinapimwa, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinangoja mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnada ukifanyika na wakulima wakaridhia bei, mnunuzi hulipa, makato hukatwa, na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya mkulima benki. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, na kila hatua yake inakula siku. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba au Januari. Ufuta nao hupita ghalani, Juni na Julai, na mbaazi hufuata baada yake.

Msimu wa 2018 tuutazame hapa kwa ukaribu, maana wengi wanaofunga ndoa leo walikuwa bado shuleni. Mwezi wa Oktoba wakulima wa kusini walizigomea bei za minada ya mwanzo. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuzisomba. Bei ile ilikuwa nzuri kweli. Lakini kabla ya kulipwa ilibidi kila mkulima ahakikiwe, na malipo ya wengi yakavuka mwaka. Aliyepanga kuoa Desemba ile kwa korosho zake alikuwa na mali ghalani na karatasi mkononi, lakini hakuwa na hela ya kununulia mchele.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usipange tarehe ya harusi kwa kufuata siku ya mnada. Ngoja salio lisomeke kwenye akaunti, kisha hesabu mbele angalau miezi miwili. Anayetegemea ufuta afikirie mwishoni mwa Agosti au Septemba. Anayetegemea korosho za minada ya mwanzo anaweza kujaribu Januari, ila mvua itakuwa imeshaanza, na barabara nyingi za vijijini zikilowa hakuna dereva wa Fuso atakayekubali kubeba viti vyako kwa bei mliyopatana. Mimi, mtu akiniachia nimchagulie, nachagua Septemba. Ardhi ni kavu, mavuno ya chakula yapo ndani, kuni hazina shida, na wageni wakizidi wanaweza kulala hata uwanjani juu ya mikeka.

Kuna njia ya mkato ambayo inawaponza vijana kila mwaka, nayo ni kangomba. Mtu anakuja mwezi wa nane, anakupa hela taslimu ukiwa na shida, na unamlipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei ya kutupa. Serikali inaipiga marufuku, na bado inafanyika kwa siri. Mahari na harusi ndizo shida zinazomfanya kijana mwenye akili zake akubali. Anaoa kwa sherehe kubwa, halafu mke anaingia kwenye nyumba ambayo korosho zake za mwaka huo, pengine na za mwaka ujao, tayari ni za mtu mwingine. Sioni harusi yenye thamani hiyo. Kama hela haipo, harusi isogezwe. Kusogeza hakuna aibu, na wazee wa huku wanaelewa habari ya msimu kuliko mtu yeyote.

Ukishapata dirisha la hela, lipitishe kwenye kalenda ya dini. Waislamu hawakatazwi kufunga ndoa Ramadhani, lakini walio wengi hukimbilia Shaabani au hungoja mfungo mosi, baada ya Idi. Wakatoliki na Waanglikana hukwepa Kwaresima. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, siku zilezile Ramadhani inapoandama, kwa hiyo pande zote mbili zinafunga pamoja. Tatizo kubwa zaidi linakuja. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaanza mapema Januari, na mwishoni mwa Desemba ya mwaka huohuo itaandama tena. Yaani itakaa katikati kabisa ya hela ya korosho. Familia za Kiislamu zenye vijana wadogo zianze kuuzoea ufuta kama zao la harusi.

Halafu kuna unyago na jando. Siku hizi shughuli hizo zimesogezwa kwenye likizo za shule, Juni na Desemba. Shangazi unayemtegemea kwa mchango wa shilingi laki moja huenda mwezi huohuo ana mwali wa kumtoa, na wapiga ngoma, masufuria na wapishi ni walewale. Kabla ya kutaja siku, pita kwa ndugu wa karibu uulize nani ana mtoto wa kuingia unyagoni au jandoni mwaka huu. Swali hilo dogo limeokoa harusi nyingi.

Sasa tuje kwa watu. Katika makabila ya huku, Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo kwa asili unahesabiwa kwa mama. Baba wa binti ana heshima yake, lakini mjomba ana neno. Mchumba aliyekulia Dar es Salaam au aliyetoka bara huenda akaelewana na baba mkwe kila kitu, akarudi kwao akifurahi, kumbe hajaongea na mwenye shughuli. Mshenga mzoefu anajua. Anaingia, anavua viatu, anakaa mkekani:

“Shikamooni wazee wangu. Tulileta barua, tumefuata majibu.”

“Marahaba, baba. Barua tumeipokea na tumeisoma. Ila mjomba wake mkubwa yuko Ruangwa, na bila yeye hapa hatuna majibu. Mtupe wiki mbili.”

Mgeni anaweza kuona hapo kama amezungushwa. La hasha, amepewa heshima kamili, na wiki mbili hizo lazima ziwe kwenye hesabu yake tangu mwanzo. Na kama wajomba wako wanne, mmoja Liwale na mwingine Mtwara, bajeti ya kwanza ya harusi ni nauli.

Kwenye mahari naomba tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kwenye kikao kimoja na kuleta ugomvi. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, anaitaja yeye na anapokea yeye. Mkaja wa mama, kilemba, na kile wanachopewa wajomba ni mila. Ni vitu vizuri, vina maana yake, lakini si mahari. Viandikwe kwenye karatasi mbili. Kisheria, kutokamilika kwa mahari hakuibatilishi ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake ni halali hata kama desturi ya mahari na zawadi haikufuatwa. Hiyo haimaanishi mkwe adharau mila. Maana yake ni kwamba hakuna ndugu anayeweza kuja baada ya miaka miwili kudai ndoa haipo kwa sababu kilemba hakikulipwa.

Sheria hiyohiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe kwa msajili au mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla ya siku yenyewe. Taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wakatoliki wanaijua kwa sura ya matangazo ya Jumapili tatu kanisani. Anayefunga ndoa bomani, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, atabandikiwa tangazo kwenye ubao. Kwa upande wa msikitini watu wengi huzipuuza siku hizo 21, halafu shekhe anaitwa Alhamisi kwa ndoa ya Jumamosi. Mwulize mapema pia kama ana leseni ya kufungisha ndoa na kitabu cha vyeti, kwa sababu dua pekee haitakupa cheti cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Na wanaooana kimila, bila msikiti wala kanisa, wana siku 30 baada ya ndoa kwenda kuomba isajiliwe. Wengi hawajui hilo kabisa, na mjane ndiye anayekuja kulijua, siku ya mirathi.

Umri nao ni wa kuzungumzwa kabla ya barua kwenda. Sheria ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliifungulia kesi, Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo Oktoba 2019: vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Tangu 2016, anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwangu mimi jambo hili halina mjadala. Binti hajafika 18, hakuna harusi ya kupanga, hata kama amemaliza unyago, hata kama mjomba ameridhia. Mshenga anayeombwa kupeleka barua ya namna hiyo airudishe.

Baada ya hayo ndipo kamati iitwe, na kwa kamati nina maneno machache tu. Daftari liwe na safu nne: jina, ahadi, alicholeta, sahihi. Mweka hazina asiwe ndugu wa bwana harusi. Bajeti ipangwe kwa safu ya tatu. Ya pili ni matumaini. Mimi huhesabu nusu ya ahadi, na ikizidi tunaongeza nyama. Michango ya nguvu kazi iandikwe pia, kama vile kuteka maji, kuchanja kuni au kuazima masufuria, maana huku hiyo ndiyo michango inayofika yote.

Chakula kina hesabu yake. Kwa pilau, kilo ya mchele hutosha watu saba hivi, na kilo ya nyama watu sita. Ukialika watu 200 Nambambo, pika ya watu 250, kwa sababu jirani hahitaji kadi na watoto hawafukuzwi shughulini. Hapo una kama kilo 36 za mchele na kilo 42 za nyama. Namba hizo zikiwashinda, punguzeni mapambo kwanza, kisha gari la maharusi, kisha keki. Chakula kiguswe mwisho. Kibali cha ngoma au muziki wa usiku kaombe kwa mtendaji wa kata wiki mbili kabla, asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwenye mikutano.

Siku ya ndoa yenyewe, mmoja wenu awe na kazi moja tu: kusoma cheti kabla ya kutia sahihi. Majina yote yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na majina ya mashahidi wawili. “Asha” likiandikwa “Aisha”, bima ya afya inaweza kumkataa mke, na kusahihisha baadaye ni safari za ofisini zenye gharama. Mfungishaji ndoa asiondoke hadi hilo limekamilika, hata kama wapiga tarumbeta wameshaanza nje.