Chura wa Kihansi na Vinasaba vya Kuvu

Tunapomtaja chura wa Kihansi, katika Milima ya Udzungwa, aghalabu tunalilaumu bwawa la umeme lililopunguza maji ya maporomoko. Ni kweli, lakini vyura hao walipoangamia ghafla mwaka 2003, iligunduliwa pia kuvu aina ya kitridi. Kuvu hii huharibu ngozi, ambayo chura huitumia kunywa na hata kupumua. Chumvi za mwili hupungua, na moyo husimama.

Mwaka 2018 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya kuvu hii kutoka mabara mbalimbali, wakabaini kwamba ukoo wake hatari zaidi ulichimbuka Asia ya Mashariki, ukaenea katika karne ya 20, hasa kwa biashara ya vyura hai. Ni mikono yetu wanadamu, basi, ingawa pasipo kukusudia.

Mwaka 2012 vyura waliozalishwa Marekani walirejeshwa Kihansi.