Butembo: Wi-Fi polepole kwenye kompyuta ya michezo, kosa si la forfe kila mara

Katika chumba kimoja cha michezo cha mtaa wa Kimemi, mjini Butembo, wateja wanaanza kujaa saa kumi na moja ya jioni. Vijana wanatoka masomoni, wanaketi kwenye benchi na kungojea zamu yao. PlayStation tatu ni za mpira wa watu wawili wanaoketi bega kwa bega. Hizo hazihitaji intaneti. Mashini ya nne, kompyuta kubwa iliyonunuliwa kwa akiba ya mwaka mzima, ndiyo inayopambana na wachezaji wa inchi zingine, na ndiyo inayoingiza pesa nyingi.

Kwa muda wa wiki tatu, kompyuta hiyo ilikuwa aibu ya chumba. Picha ilikuwa inasimama katikati ya mchezo. Mchezaji anabonyeza, hakuna kinachotokea, na picha inaporudi amekwisha kufa. Mteja anadai arudishiwe franka zake. Mwenye chumba alifikiri forfe yake ni ndogo. Akanunua kubwa zaidi, hali ikabaki ileile. Akaongeza tena, bila faida. Alikuwa karibu kuuza PlayStation moja ili alipie modemu mpya, wakati fundi jirani alipomuuliza kama simu yake, ikiwa ndani ya chumba kilekile, inaenda vizuri. Ilikuwa inaenda vizuri sana.

Kuanzia hapo, modemu mpya haikuwa tena na maana.

Kwanza, kujua kosa liko wapi

Intaneti inapita sehemu tatu kabla ya kumfikia mchezaji. Ya kwanza ni kutoka kwa kampuni mpaka kwenye ruta au modemu ya nyumbani. Ya pili ni hewani, kutoka ruta mpaka kompyuta. Ya tatu ni ndani ya kompyuta yenyewe. Forfe kubwa inaweza kusaidia sehemu ya kwanza peke yake. Kama kosa liko katika zile mbili zingine, pesa inaenda bure.

Njia rahisi ya kuzitenganisha ni waya. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, pima mwendo, kiisha toa waya na kupima tena kwa Wi-Fi, pahali palepale na saa ileile. Ikiwa vipimo vyote viwili ni vya chini, kosa huenda liko nje ya nyumba au ndani ya kompyuta yenyewe, na ikiwa kompyuta haina kosa, hapo ndipo kuna sababu ya kuongea na kampuni. Ikiwa waya unakimbia na Wi-Fi inatambaa, kampuni haina kosa.

Wengi hawana ruta. Wanatumia simu kugawa mtandao. Kipimo kinawezekana hata hivyo. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kiisha chagua ndani ya simu kugawa mtandao kwa USB. Hapo Wi-Fi haitumiki kabisa, na simu inapata chaji wakati uleule.

Mega mbili zenye jina moja

Hofu nyingine inatoka katika hesabu. Kampuni zinatangaza mwendo kwa megabiti kwa sekunde, lakini programu nyingi za kupakua michezo zinaonyesha megaokteti kwa sekunde. Okteti moja ni biti 8. Mwenye kulipia mega 16 akiona mchezo unapakuliwa kwa mega 2, hakuibiwa: 16 gawanya kwa 8 ni 2.

Tena, mwendo wa kupakua si kila kitu. Mchezo wenyewe, ukishakaa ndani ya mashini, unatumia mega chache kuliko video. Kinachoua mchezaji ni ucheleweshaji, ambao wachezaji wanauita ping: muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde.

Hapa jiografia inaamua. Kutoka Butembo mpaka Paris ni karibu kilomita 6 000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakimbia kilomita 200 000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kunahitaji milisekunde 60 hata kama njia ingekuwa imenyooka, na haijanyooka. Hakuna kompyuta wala forfe inayoweza kushuka chini ya hapo. Anayecheza kwenye seva ya Ulaya achague, ikiwa mchezo unaruhusu, seva yenye ping ndogo zaidi. Na ping ambayo ni kubwa lakini haibadiliki inavumilika. Ile inayoruka kutoka 120 mpaka 900 ndiyo inayosimamisha picha, na mara nyingi hiyo inatoka kwenye Wi-Fi.

Antena zilizobaki ndani ya karton

Kompyuta ya Kimemi ilikuwa chini ya meza, mgongo wake ukigusa ukuta wa matofali. Fundi alipoivuta, aliona vitundu viwili vya rangi ya dhahabu nyuma yake, vitupu. Antena zilikuwa bado ndani ya karton, zimefungwa katika plastiki, pamoja na visi vya akiba.

Kosa hili linajulikana sana kwa mafundi. Kadi ya Wi-Fi ya kompyuta kubwa bila antena inaweza kuona mtandao, hata kuunganika, lakini inasikia kama mtu aliyeziba masikio. Sanduku la chuma linazuia mawimbi, na simu iliyo mezani inaishinda kwa urahisi. Dawa ni kufunga antena na kuitoa mashini chini ya meza.

Wanaotumia kijiti cha Wi-Fi cha USB wana tatizo la karibu na hilo. Kikichomekwa nyuma, kinajificha kwenye kivuli cha chuma. Isitoshe, matundu ya USB 3 na vifaa vyake vinatoa kelele ya redio inayosumbua mawimbi ya gigahetsi 2,4. Waya mfupi wa kurefusha, unaokiweka kijiti juu ya meza, mara nyingi unatosha.

Kuchagua mawimbi

Ruta nyingi za siku hizi zinatoa mawimbi mawili. Ya gigahetsi 2,4 yanafika mbali na kupita ukuta, lakini yamejaa watu: ruta za majirani, Bluetooth, hata tanuru ya mikrowevu. Katika njia zake zote, ni tatu tu, 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Mawimbi ya gigahetsi 5 yana mwendo mkubwa na nafasi nyingi, lakini ukuta unayadhoofisha haraka. Kompyuta ikiwa chumba kimoja na ruta, chagua 5. Ikiwa nyuma ya kuta mbili, 2,4 inaweza kuwa bora. Ukuta wa mabati ni mbaya kwa yote mawili, kwa sababu unarudisha mawimbi.

Wezi wa ndani

Ikiwa hata kwa waya mchezo unakatika lakini simu inaenda vizuri, tazama ndani ya mashini. Kwenye Windows ya Kifaransa, fungua «Gestionnaire des tâches» na uangalie safu ya «Réseau»: inaonyesha programu gani inakula mtandao. Mara nyingi ni mchezo mwingine unaojisasisha wenyewe, na usasishaji mmoja unaweza kumaliza gigaokteti nyingi. Kuuweka mtandao kuwa «Connexion limitée» kunapunguza tabia hiyo, na kunaokoa forfe.

Mwisho ni piloti, ile programu inayoongoza kadi ya Wi-Fi. Mashini iliyowekewa Windows upya kwa ufunguo wa USB mara nyingi inabaki na piloti ya jumla. Piloti ya kweli inapatikana kwenye tovuti ya aliyetengeneza kadi au kompyuta. Pia ondoa ruhusa ya Windows kuzima kadi hiyo ili kulinda umeme.

Katika chumba cha Kimemi, kazi ilichukua chini ya nusu saa. Antena zilifungwa, kompyuta ikapandishwa mezani. Baadaye mwenye chumba alinunua waya wa mita 15 na kuupitisha juu ya mlango, ili majirani na ukuta visimsumbue tena. Forfe aliirudisha kwa ile ndogo ya zamani. Wateja hawajadai franka zao tena, isipokuwa wale walioshindwa kwa haki na hawataki kukubali.