Upasuaji wa Matundu Madogo: Daktari Huingiaje Tumboni?

Siku hizi baadhi ya hospitali za rufaa hufanya upasuaji wa tumbo bila mkato mrefu. Daktari hutoboa matundu madogo, huingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera, na kutazama ndani kwenye kioo kama cha televisheni. Upasuaji huu huitwa laparoskopia. Kwa njia hii huondolewa mfuko wa nyongo, kidole tumbo, uvimbe wa ovari au mimba iliyotunga nje ya kizazi. Maumivu ni kidogo, na mgonjwa hurudi kazini mapema.

Wodini ndugu hutuuliza: "Sista, hawatatoboa utumbo?" Swali hilo ni la haki. Hatari kubwa ipo kwenye tundu la kwanza, maana mara nyingi hutobolewa kabla kamera haijaona ndani. Tena karibu na usawa wa kitovu, kwa nyuma, mshipa mkuu wa damu hugawanyika kwenda miguuni. Kwa mtu mwembamba ni sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi. Madhara makubwa hutokea mara chache, takriban kwa mgonjwa 1 kati ya 1,000.

Njia tatu za kuingia

1. Sindano ya Veress. Ilibuniwa katika miaka ya 1930 na daktari János Veres wa Hungaria, kwa ajili ya kuingiza hewa kifuani mwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ndani yake mna kijiti butu chenye springi. Sindano ikishapenya ukuta wa tumbo, kijiti huruka mbele na kufunika makali. Kisha hupulizwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili tumbo liinuke, ndipo huingizwa mrija wenye ncha uitwao trokari. Kanieneo ya hewa mwanzoni ikiwa chini ya milimita 10 za zebaki, ni dalili kwamba sindano imekaa mahali pake. Upungufu wa njia hii ni kuchoma mara mbili bila kuona.

2. Njia ya wazi. Ilielezwa na daktari Hasson wa Marekani mwaka 1971. Daktari hukata kidogo kitovuni, hufungua tabaka moja baada ya jingine akiona kwa macho yake, kisha huingiza mrija butu. Kwa mtu mnene kazi huwa ngumu zaidi.

3. Trokari moja kwa moja. Ukuta wa tumbo huinuliwa kwa mikono na trokari huingizwa bila kutanguliza sindano. Ni njia ya haraka, na kuchoma bila kuona ni mara moja tu.

Ipi ni bora?

Watafiti wamezilinganisha. Wameona kwamba kushindwa kuingia hutokea mara chache zaidi kwa njia ya pili na ya tatu kuliko kwa sindano. Lakini kuhusu kujeruhi utumbo au mshipa mkubwa, haijathibitika kwamba njia moja ni salama kuliko nyingine. Kwa hiyo lililo muhimu ni daktari kutumia njia aliyoizoea, na kumjua mgonjwa wake.

Usifiche kovu

Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, au kuugua kifua kikuu cha tumbo, utumbo wake unaweza kuwa umegandana na ukuta karibu na kitovu. Kwake daktari huweza kuchagua njia ya wazi, au kuingilia chini ya mbavu za kushoto. Lakini mwenye bandama kubwa, kwa mfano kutokana na kichocho au malaria ya mara kwa mara, hafai kuingiliwa hapo.

Wapo akina mama wanaoficha upasuaji wa zamani kwa kuona haya mbele ya mume au mama mkwe. Omba kuonana na daktari faragha. Siri yako itatunzwa. Mweleze pia kuhusu ngiri ya kitovu, ujauzito, na dawa za kuzuia damu kuganda.

Unapotia sahihi, fahamu kwamba daktari anaweza kulazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Hufanya hivyo kwa usalama wako.

Ukisharudi nyumbani

Maumivu ya bega kwa siku mbili tatu ni ya kawaida. Husababishwa na ile hewa. Lakini rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:

- maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua;
- homa, au moyo kwenda mbio;
- tumbo kuvimba na kutapika;
- kushindwa kujamba au kupata choo.

Jeraha la utumbo huweza kujificha siku kadhaa kabla ya kujionyesha. Msimpe mgonjwa dawa za maumivu au za mitishamba mkingoja asubuhi. Mleteni.

Mungu awajalie afya njema.