Gereji iliyofungwa na haki za waliomo nyumbani

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi watalidhani kuwa ni la mafundi na si la mimbari. Nalo ni ile gereji iliyojengwa pamoja na nyumba, ambayo gari haliingii tena. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuanzia Upanga hadi Mbezi na Tabata, utaikuta nyumba yenye banda la gari lililokwisha kugeuka ghala la viti vilivyovunjika, matairi makuukuu, makopo ya rangi iliyokauka na friji lisilogandisha. Gari lenyewe, kama lipo, hulala uani. Na upande wa pili wa ukuta huo huo, watoto wa kiume na wa kike waliokwisha kupevuka wanalala chumba kimoja, na bibi yao mzee ametandikiwa sebuleni, mahali ambapo kila apitaye humwona.

Tunasema kuwa hilo si suala la kupamba nyumba, bali ni suala la haki. Palipo na nafasi iliyolala bure, na palipo na watu ndani ya nyumba hiyo hiyo wanaokosa sitara, mwenye nyumba anapaswa kujiuliza neema ile ameitumia vipi.

Haki ya malazi

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukumbusha kuwa ni Yeye aliyetujaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Utulivu huo una masharti yake. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ametuamuru tuwahimize watoto wetu kuswali wafikapo miaka 7, tuwasisitize zaidi wafikapo miaka 10, na katika umri huo tuwatenganishe katika malazi. Wazazi wengi huishika vizuri sehemu ya kwanza ya hadithi hiyo, na sehemu ya mwisho wakaisahau kwa kisingizio cha ufinyu wa nyumba.

Aidha, Suratun Nur, aya ya 58, inawaagiza waumini wawafunze watoto wasiobaleghe kubisha hodi katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao kwa mapumziko, na baada ya swala ya Isha. Aya inayofuata inasema kuwa wakishabaleghe waombe ruhusa kila wakati. Sasa tuulizane: mtoto atabisha hodi wapi mahali ambapo hapana mlango? Amri hii inahitaji adabu, lakini inahitaji pia ukuta na mlango.

Kuhusu wazazi, Suratul Israai, aya ya 23 na ya 24, inawataja wakiwa wamefikia uzee nao wako kwetu, na inatutaka tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Mzee anayelazimika kusubiri wageni waondoke ndipo apate kujinyoosha hajapata heshima hiyo, hata kama anapewa chakula kizuri na kusemeshwa kwa upole.

Lipo pia suala la shemeji. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) aliwakataza wanaume kuingia kwa wanawake wasio maharimu wao, na alipoulizwa kuhusu ndugu wa mume, alimfananisha na mauti. Ni ada yetu njema kumpokea mdogo wa mume ajapo mjini kusoma au kutafuta kazi. Lakini ada hiyo njema ikitendeka katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi mmoja, mke hukosa raha ndani ya nyumba yake, akawa amejifunga mtandio kuanzia Alfajiri hadi usiku wa manane.

Kwanza, nani atalala humo?

Hivyo basi, kabla ya kumwita fundi, familia ikae chini ishauriane na ijue chumba ni cha nani, kwani jibu la swali hilo ndilo litakaloamua milango, madirisha na choo.

Ikiwa chumba ni cha shemeji, cha kijana mkubwa wa kiume au cha wageni, mlango wake uelekee nje, na ule wa kuingilia ndani ya nyumba uzibwe au uwe na kitasa kinachofungwa kwa upande wa familia. Hapo mgeni atakuja na kuondoka bila kupita ukumbini. Ikiwa ni cha mama mzazi, mambo yanageuka: mlango uelekee ndani, karibu na wanaoweza kusikia akiita usiku. Mlango huo uwe na upana wa sentimeta 90 hivi ili mkongojo au kiti cha magurudumu kipite, na pasiwe na kizingiti cha kumkwaza. Chooni pawekwe chuma cha kushikia ukutani, na mahali pa kukaa anapotawadha.

Kuhusu choo, tukumbuke hadithi ya Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) inayokataza kuelekea Kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanazuoni wamehitilafiana iwapo katazo hilo linaingia ndani ya majengo, lakini anayejenga upya hana sababu ya kuingia katika hitilafu. Sisi wa Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Basi mwambie fundi aliweke sinki la choo lielekee mashariki au magharibi, na jambo limekwisha.

Gereji si chumba

Ndugu wasomaji, wako wanaodhani kuwa kupaka rangi na kutia kitanda kunatosha. Gereji ilijengwa kwa ajili ya gari, na gari halipumui wala haliugui kifua. Gereji ya gari moja huwa na ukubwa wa kama mita 3 kwa mita 6, yaani mita za mraba 18, ambazo zinatosha chumba kizuri na choo chake. Lakini sakafu yake kwa kawaida iko chini kuliko ya nyumba, na imelazwa mteremko kuelekea mlango mkubwa ili maji yatoke. Mlango huo ukizibwa kwa tofali bila ya kuinua sakafu, maji ya masika yatatafuta njia ya kuingia, na unyevu wa ardhini utapanda kwenye godoro.

Kwa hiyo sakafu ya zamani ikwanguliwe mafuta yote, kwa sababu zege jipya halishiki juu ya oili. Kisha itandazwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu, imwagwe zege na kusawazishwa mpaka ilingane na sakafu ya nyumba. Wako wanaouliza kama panafaa kuswaliwa mahali palipomwagika oili. Asili ya mafuta hayo ni tohara, nayo ni uchafu tu wa kuondolewa. Kinachohitaji kutoharishwa ni kinyesi cha panya na paka kilichojaa pembeni.

Juu, gereji nyingi zina bati tupu. Bila ya dari, chumba hicho kitakuwa tanuri mchana wa Januari. Madirisha nayo yawe mawili, ikiwezekana katika kuta zinazokabiliana, ili upepo upite. Kipimo kinachotumiwa sana na wajenzi ni kuwa eneo la madirisha lisipungue moja ya kumi ya eneo la sakafu. Kwa chumba cha mita za mraba 18 hiyo ni kama mita 1.8 za mraba, pamoja na nyavu za mbu.

Yapo mambo yanayohusu roho, nayo hayana mjadala. Suratun Nisaa, aya ya 29, inatukataza kujiua, na mwenye kujua hatari akaiacha ndani ya chumba cha mwanawe hana udhuru. Petroli, mafuta ya taa, betri za zamani na makopo ya rangi yatolewe yote. Jenereta isiwashwe ukutani kwa chumba hicho, wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku wa baridi. Moto huo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini huenda asiamke. Mtume (S.A.W.) ametuusia tusiache moto ukiwaka tunapolala, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Umeme usivutwe kwa waya wa kuungaunga kutoka kwenye taa moja ya gereji. Aitwe fundi mwenye leseni aweke njia yake kutoka kwenye kisanduku kikuu. Na madirisha ya nondo, angalau moja lifunguke kwa ndani, ili moto ukitokea mlangoni pawe na pa kutokea.

Haki ya jirani

Gereji nyingi zimejengwa mpakani. Ukuta ambao haukuwa na dirisha ukitobolewa leo, huenda dirisha likatazama uani kwa jirani, mahali ambapo mkewe na binti zake hufulia na kupika. Imepokewa katika vitabu vya madhehebu ya Imam Malik kuwa Sayyidna Umar (R.A.), alipopata habari za chumba kilichofunguliwa madirisha kuelekea kwa jirani, aliagiza kiwekwe kitanda nyuma ya madirisha hayo na mtu asimame juu yake. Iwapo ataona ndani ya nyumba ya jirani, mwenye chumba azuiwe. Katika karne ya 14, Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, kuta na madirisha. Wazee wetu hawakuona kuwa mambo haya ni madogo.

Kipimo cha Sayyidna Umar kila mmoja wetu anaweza kukifanya: simama juu ya kiti mahali dirisha litakapokuwa, na utazame. Ukiona uani kwa watu, dirisha lipande juu au lihamie upande mwingine. Aidha, maji ya paa na ya chooni yasielekezwe kwake. Na kibali cha ujenzi kichukuliwe katika halmashauri kabla ya nyundo ya kwanza, kwani kuvunjiwa baadaye ni kupoteza mali.

Gereji ni ya nani?

Hapa ndipo ndugu wengi hugombana. Nyumba ikiwa ya kupanga, gereji ni ya mwenye nyumba, na hairuhusiwi kutoboa ukuta wake bila ya idhini yake iliyoandikwa.

Na ikiwa nyumba ni ya marehemu ambayo bado haijagawanywa, gereji ni ya warithi wote kwa mafungu yaliyomo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake hata katika gereji, na binti aliyeolewa mbali ana fungu lake pia. Kaka anayeigeuza chumba akakipangisha na kuchukua kodi peke yake, amekula mali ya nduguze, hata kama saruji ameinunua yeye. Ikiwa warithi wameridhiana, basi waandike nani ametoa kiasi gani na kodi itagawanywa vipi, kwa kufuata agizo la Suratul Baqara, aya ya 282, la kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Karatasi moja yenye sahihi inaweza kuzuia kesi ya miaka kumi.

Kwa kadiri ya uwezo

Tunawanasihi pia ndugu zetu wasiingie katika riba kwa ajili ya chumba. Kazi hii inakubali kwenda kwa hatua. Mwezi huu toa takataka na uza vyuma chakavu, mwezi ujao sakafu, kisha mlango na madirisha, kisha umeme na dari. Marumaru na rangi za anasa zisubiri. Imam Muslim amepokea hadithi inayotaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, na kwamba la nne ni la shetani. Imam Nawawi ameeleza kuwa makusudio yake ni kile kinachozidi haja kwa ajili ya kujifakharisha. Chumba cha mama mzazi ni haja. Chumba cha kuwaonyesha majirani televisheni kubwa ni jambo jingine.

Basi ndugu zetu, leo mkirudi kutoka swala ya Ijumaa, fungueni mlango wa gereji mtazame kilichomo, kisha mtazame wanavyolala watoto na wazee wenu. Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie nyumba zenye sitara na utulivu, na atuepushe na kumdhulumu aliye ndani ya nyumba au aliye nyuma ya ukuta. Amin.