Je, Wajua? Jedwali la Delphi Huficha Baadhi ya Sifa Zake

Je, wajua kwamba TDBGrid, jedwali la kuonyesha data katika Delphi, lina sifa usizoziona kwenye dirisha la sifa? DefaultRowHeight, inayopanga kimo cha mistari, ni mojawapo. Imerithiwa kutoka TCustomGrid, ila imelindwa: ukiiita moja kwa moja, kompaila inagoma.

Wajanja walipata njia. Andika hivi:

type TJedwaliLangu = class(TDBGrid);

Klasi tupu, haina kitu ndani. Kisha, katika yuniti hiyohiyo:

TJedwaliLangu(DBGrid1).DefaultRowHeight := 40;

Mistari inarefuka papo hapo! Delphi huruhusu sifa iliyolindwa kutumiwa popote ndani ya yuniti ilimotangazwa klasi inayoirithi, na mrithi umemtangaza humo humo. Jedwali lenyewe ni lilelile. Kilichobadilika ni jinsi kompaila inavyolitazama. Ni ujanja halali, ingawa si mzuri machoni.

Sifa za faragha hazifunguki kwa njia hii. Na kumbuka: ukibadilisha fonti, jedwali hujipimia mistari upya na ile 40 yako hupotea, hivyo iweke tena.